UZI: Maziwa ya milimani Uganda. Lipi la kuogelea, lipi la kutazama tu, na matope yanaanzia wapi

Mwanakasese
Salaam wakuu. Likizo ikikaribia watu huuliza "ziwa lipi liko karibu?", na hujibiwa kwa kilomita. Kilomita ni kipimo cha dereva wa basi. Anayekwenda kwa miguu apime mambo matatu: mwinuko wa mahali atakapolala, matope, na kama maji yenyewe yanaingilika.

Kwa mwinuko, maziwa yetu yamejipanga kama ngazi. Chini kabisa ni mabwawa ya umeme ya mto Nile, kuanzia Jinja kushuka, kama mita 1,100 hivi. Yakifuata ni maziwa ya kasoko ya Fort Portal, yale mashimo ya volkeno yaliyojaa maji. Kisha Mutanda pale Kisoro, karibu mita 1,800, na Bunyonyi mita 1,962. Hapo ngazi inaruka: Mahoma katika Rwenzori iko karibu mita 3,000, Bujuku na Kitandara zinazunguka mita 4,000, na kile kijiziwa cha kileleni Muhavura kiko mita 4,127.

Mpaka wenyewe upo kati ya Bunyonyi na Mahoma. Chini ya hapo ukikosea hesabu utachoka tu. Juu ya hapo utaugua.

Majira: Desemba hadi Februari, na Juni hadi katikati ya Agosti. Kwa Rwenzori elewa kwamba "kiangazi" maana yake ni mvua chache, si kukosa mvua. Machi hadi Mei achana nayo kama huna sababu ya lazima. Mto Nyamwamba ulifurika vibaya Kilembe Mei 2013, na tena Mei 2020, na maji yale yalitoka kwenye milima hiyo hiyo tunayoipanda.

Wenye ujuzi wa kila upande wamwage hapa chini. Tuandike vitu vya kutumika.

Mgeni_Arua
Asante mkuu. Sisi tuko wanne, hatujawahi kupanda mlima wowote, tuna siku tatu. Tunataka ziwa, kutembea, na kuogelea kidogo. Tuanzie wapi?

Binti Tooro
Njooni Fort Portal. Kutoka Kampala kupitia Mubende ni kilomita 300 hivi, lami tupu, saa nne hadi tano kwa basi. Mkifika, msilale mjini. Panda taksi au boda mpaka upande wa Nkuruba, kusini mwa mji, kwa sababu maziwa mengi yanayotembeleka kwa miguu yamerundikana huko: Nkuruba, Nyinabulitwa, Nyamirima, Kifuruka, Lyantonde, Nyinambuga. Nyinambuga mnalo mfukoni, ndilo lile lililochorwa kwenye noti ya 20,000.

Siku ya kwanza fika, pumzika, zunguka Nkuruba. Ziwa ni dogo na msitu umelizingira, wamo mbega wekundu na mbega weusi kwa weupe. Siku ya pili fanyeni mzunguko wa maziwa na mpande mpaka kile kilima wanachokiita Juu ya Dunia, ambako unaona maziwa matatu kwa pamoja na, kukiwa na bahati, ukingo wa Rwenzori. Tokeni saa moja asubuhi. Ikifika saa nne ukungu wa mbali umeshaifunika milima na mtapiga picha za ukungu. Siku ya tatu maporomoko ya Mahoma, kisha kurudi.

Angalizo la jina: maporomoko ya Mahoma ya huku na ziwa Mahoma la Rwenzori ni vitu viwili. Kuna watu hufika na gambuti za Rwenzori wakidhani wanakwenda ziwani.

Chukueni kijana wa hapo awaongoze. Njia zinapita katikati ya mashamba ya migomba na chai, na kila njia panda inafanana na ile iliyopita. Bei mpatane kabla ya hatua ya kwanza, na muulize kama ada za kuingia kwenye viwanja vya watu zimo ndani. Ugomvi mwingi wa jioni unatokana na ada hizo.

Mgeni_Arua
Na kuogelea? Tunasikia maziwa ya kasoko hayana kichocho kwa sababu ya baridi.

Nesi wa Bwera
Hapo simama kidogo, ndugu yangu.

Zamani ilifundishwa hivyo, kwamba juu ya mita 1,400 konokono anayebeba kichocho hawezi kueneza ugonjwa. Lakini utafiti uliochapishwa 2008 kuhusu maziwa ya kasoko ya magharibi mwa Uganda ulionyesha maambukizi juu ya kiwango hicho. Kwa hiyo mtu akikuambia "ziwa hili liko juu, halina kitu", anakupa habari ya zamani.

Si lazima mkae ukingoni mkitazama. Ila mfanye hivi:

Ingieni maji kutoka kwenye gati la mbao au mwamba, palipo na kina, si kwenye matete wala mahali watu wanapofulia na ng'ombe wanapokunywa. Konokono hukaa kwenye majani ya kando. Msikae majini muda mrefu. Mkitoka jifuteni kwa taulo palepale, kwa kukaza. Taulo hupunguza hatari tu, haliiondoi.

Kisha hesabu wiki sita hadi nane ndipo ukapime na kumeza prazikwanteli. Watu wengi huimeza kesho yake wakajiona wajanja. Dawa ile huua minyoo iliyokomaa, na wachanga huwapita. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 2,400, yaani vidonge vinne vya 600. Ule kwanza, maana kwenye tumbo tupu inachefua sana.

Binti Tooro
Nesi kasema kweli. Niongeze la kina. Maziwa haya hayana ufukwe. Ukingo unashuka kama ukuta, hatua mbili tu na huna pa kusimama. Asiyejua kuogelea asiingie hata "kidogo", na anayejua asiingie peke yake wala akiwa amekunywa.

Kitu kingine ambacho wageni hawakijui: kuta za kasoko huzuia upepo, kwa hiyo maji ya juu na ya chini hayachanganyiki. Ya chini hukosa oksijeni. Ikitokea siku za baridi na upepo yakapinduka, samaki huelea wamekufa na maji hunuka kama yai viza. Ukikuta hali hiyo usiogelee, na samaki wale usiwanunue hata kama bei inacheka.

Kabale_Ziwani
Naona Bunyonyi limesahaulika, na ndilo linalofaa zaidi kwa wanne wale wa Arua, kama wanaweza kuongeza siku moja ya barabara. Kampala hadi Kabale ni kilomita 400 na ushei, siku nzima kwenye basi. Kutoka Kabale kushuka gatini Rutinda ni kilomita 8 tu, lakini ni kona tupu. Boda mpe dereva mwenye kofia mbili.

Kuhusu kina, mabango yanasema mita 900, vipimo vya wanasayansi vinavyotajwa zaidi ni kama mita 40. Mimi naamini ya pili. Ziwa ni bonde la mto lililozibwa na lava, na bonde la aina hiyo halifiki kina cha Tanganyika. Kwa muogeleaji lakini tofauti haipo, mita 40 nazo zinatosha kukuzika.

Viboko hakuna, mamba hakuna. Maji ya juu hufika nyuzi 25 mchana. Kuna visiwa 29. Bwama kilikuwa kituo cha wagonjwa wa ukoma. Akampene ni kile chenye mti mmoja, ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa waliachwa wafe. Ni kidogo sana, unakizunguka kwa mtumbwi, hushuki.

Sasa mtumbwi wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapochekwa. Mtumbwi wa Bunyonyi ni gogo la mkaratusi lililochongwa. Hauna mkuku chini, kwa hiyo haushiki mstari. Mgeni akipiga kasia kwa nguvu upande mmoja, unazunguka kama pia. Fanya hivi:

Mzito akae nyuma, mwepesi mbele. Wa mbele kazi yake ni mwendo tu, apige taratibu upande mmoja bila kubadilisha kila mara. Usukani ni wa nyuma: avute kasia karibu kabisa na ubavu wa mtumbwi, na mwisho wa mvuto aligeuze bapa lielekee nje na kulisukuma kidogo mbali na mtumbwi kabla ya kulitoa majini. Msukumo huo mdogo ndio unaonyoosha pua. Wengi huuacha, kisha wanalaumu mti. Kaeni chini, si kwenye kingo. Mkiona mawimbi, pigeni magoti.

Ukipinduka, mbao huelea. Shikilia mtumbwi, usiogelee kuelekea ufukweni hata kama unaonekana karibu.

Askari Mstaafu
Na jaketi okozi. Livaeni, msilikalie. Nyingi za kukodi zina mikanda iliyokatika. Jaribu hivi kabla hujalipa: livae, funga vifungo vyote, kisha mwenzako alivute juu kwa mabegani. Likipita masikio yako, hilo si la ukubwa wako. Liminye pia: likibaki limebonyea, sponji imekufa.

Ondokeni gatini asubuhi. Upepo wa Bunyonyi huamka mchana, na kurudi ukiwa unaupinga ni mara mbili ya muda wa kwenda.

Mgeni_Arua
Shukrani afande. Na chakula?

Kabale_Ziwani
Kamba wa maji baridi wapo karibu kila jiko, waliletwa ziwani na wakakubali. Siku za soko Rutinda, Jumatatu na Ijumaa, utapata viazi, mboga na parachichi kwa bei ya mkulima. Beba pesa taslimu. Wakala wa pesa za simu yupo, ila mara nyingi "hana salio la kutoa".

Mwenye miguu mizuri asirudi Kabale. Avuke ziwa kwa mtumbwi upande wa magharibi, apande kupitia msitu wa mianzi wa Echuya, ashuke ziwa Mulehe na kumalizia Mutanda. Siku mbili au tatu. Echuya iko chini ya Mamlaka ya Taifa ya Misitu, si UWA (Mamlaka ya Wanyamapori), kwa hiyo kibali ni chao na kiongozi ni wa kwao. Ukifika Mutanda unaona volkeno za Muhavura, Gahinga na Sabinyo zimesimama mstari mmoja. Kwangu mimi hakuna ziwa zuri kuliko hilo Uganda nzima, na Binti Tooro anisamehe.

Binti Tooro
Sikusamehi.

Kisoro_Baridi
Kwa kuwa Muhavura imetajwa, niseme la kileleni. Kijiziwa chake ni kidogo, kipenyo kama mita 40. Watu hupanda kwa muda wa saa nne au tano nzima halafu wanauliza "ndilo hili?" Ndilo hilo. Unalipia njia na mandhari, si maji.

Unaanza karibu mita 2,400 na kumaliza 4,127, na kurudi siku hiyo hiyo. Ni kupanda mita 1,700 bila mapumziko ya maana. Jiandikishe jana yake kwenye ofisi ya UWA mjini Kisoro, lala Kisoro, na saa moja asubuhi uwe mguuni pa mlima na askari wako. Askari ni lazima, kuna nyati, na kilele kiko juu ya mpaka wa Rwanda. Beba kitambulisho.

Maji lita tatu kwa kila mtu, njiani hakuna pa kuchota pa kuaminika. Vijiko viwili vya chumvi na sukari iliyochanganywa havina uzito, vitie mfukoni. Saa ya kugeuza ni saa saba mchana, popote ulipo. Sababu ni mbili: radi za alasiri, na magoti. Kushuka kwenye ngazi za mbao zenye utelezi huku magoti yanatetemeka ndiko kunakovunja watu vifundo.

Kichwa kikiuma ukiwa juu ya mita 3,500, ni kawaida kwa mlima wa siku moja, na ukishuka kinaachia. Kikiuma na ukaanza kutapika au kuyumba kama mlevi, usimalizie "hatua mia zilizobaki".

Mwanakasese
Sasa tuje kwetu.

Ukitaka ziwa la Rwenzori bila barafu na bila siku saba, kuna mzunguko wa Mahoma. Siku tatu, kilomita 28 hivi, unaanzia na kumalizia Nyakalengija, kama kilomita 25 kutoka Kasese mjini. Sehemu ya juu kabisa inapita mita 3,500 kidogo, ziwa lenyewe liko karibu 3,000. Mahoma lilizibwa na kifusi cha mawe kilichosukumwa na barafu ya zamani, kwa hiyo ukiwa pale umesimama mahali barafu ilipofika, na leo barafu iliyobaki iko mbali juu. Maji yake ni rangi ya chai. Si uchafu, ni mboji ya majani na magome.

Ukitaka Bujuku na Kitandara, huo ni mzunguko wa kati. Nyakalengija (mita 1,615) hadi kibanda cha Nyabitaba (2,651). Siku ya pili unashuka kuvuka daraja la Kurt Schaefer, pale Mubuku na Bujuku zinapokutana, kisha unapanda hadi John Matte, karibu 3,400. Siku ya tatu kinamasi cha Bigo na kibanda cha Bujuku (3,962). Siku ya nne, kama huendi Margherita, kilele kirefu kuliko vyote, unapita juu ya ziwa Bujuku, unapanda korongo la Groundsel hadi kipito cha Scott Elliot (4,372), unashuka Kitandara (4,023). Siku ya tano kipito cha Freshfield (4,282), unapita pango la Bujongolo, unalala Guy Yeoman. Siku ya sita Nyabitaba, na mwenye magoti mazuri anashuka moja kwa moja hadi langoni.

Kitandara ni maziwa mawili, la juu na la chini, kati ya mlima Baker na Luigi di Savoia. Kibanda kiko kando ya mojawapo. Jambo ambalo wengi hawaligundui: maji yake hayateremki upande wa Uganda, yanateremka upande wa Kongo kupitia bonde la Butawu. Kuogelea usifikirie hata kidogo. Maji ni nyuzi chache tu juu ya barafu, mwili unapigwa na mshtuko, pumzi inakatika, na msaada uko siku mbili chini.

Jembe_la_Budadiri
Mkuu, gambuti au buti za mlima? Hilo swali huzua vita kila mahali.

Mwanakasese
Vyote viwili, kila kimoja na mahali pake. Nyakalengija hadi Nyabitaba, buti. Kuanzia juu ya John Matte kuelekea Bigo, gambuti. Bigo sasa ina njia za mbao, lakini mbao zimevunjika hapa na pale, na ukikosea unaingia hadi gotini. Buti la ngozi likilowa Bigo halikauki mpaka urudi Kasese, hata uliweke kando ya moto usiku kucha. Tena usiliweke, gundi ya soli huachia na kesho yake soli inabaki kwenye tope.

Kosa la gambuti ni saizi. Nunua iliyozidi namba moja ili iingie soksi mbili, ya ndani nyembamba na ya nje nzito ya sufu. Kata kucha za miguu siku tatu kabla, si jana yake. Kushuka Freshfield vidole vinagonga mbele, na kucha ndefu hung'oka. Sehemu inayoanza kuwaka moto kisiginoni, ibandike plasta ya kitambaa papo hapo. Ukisubiri malengelenge umechelewa.

Begi lote la mgongoni livalishwe kavera (mfuko wa plastiki) nene ndani, siyo koti la mvua la nje tu. Mvua ya Rwenzori huingia kupitia mikanda. Begi la kulalia lipate kavera lake la pili. Nguo seti mbili: moja ya kutembelea, ambayo itakuwa mbichi kila asubuhi na utaivaa hivyo hivyo, na moja ya kulalia isiyotoka kibandani kamwe. Anayevaa ile kavu njiani "kwa leo tu" usiku anakuwa hana kitu.

Nesi wa Bwera
Mpangilio ule wa vibanda unabana kidogo. Juu ya mita 3,000, kitanda cha usiku kisipande zaidi ya mita 500 kwa siku. John Matte hadi Bujuku ni kama 550. Kwa mtu wa Kampala anayelala mita 1,200 maisha yake yote, ongezeni usiku mmoja John Matte au Bujuku kama siku zipo.

Asetazolamidi husaidia, miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwenye mzio wa dawa za salfa amuone daktari kwanza. Inakojolesha na kuwasha vidole, hiyo si dalili mbaya.

Dalili mbaya ni hizi: kukosa pumzi ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, kutembea kama mlevi, kuchanganyikiwa. Mwambieni atembee hatua kumi kisigino kwa kidole kwenye mstari mnyoofu. Akishindwa, anashuka sasa hivi, hata kama ni usiku, na hashuki peke yake. Wengi wetu hukosea kwa kumwacha "alale kwanza tuone asubuhi".

Mgeni_Arua
Hatuendi huko mwaka huu, lakini nauliza tu: maji ya kunywa juu? Na kupika?

Mwanakasese
Kila mita 300 ukipanda, maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Pale Kitandara yanachemka kwenye 87 hivi. Vijidudu vinakufa, acha tu yachemke dakika tatu kamili. Ila maharage kavu hayataiva mpaka gesi iishe. Beba wali, tambi, unga wa uji, karanga za kusaga, na maharage yaliyochemshwa na kukaushwa nyumbani. Posho, yaani ugali, inaiva, lakini songa zaidi ya ulivyozoea.

Vidonge vya klorini kwenye maji ya rangi ya chai havina nguvu, ile mboji inaila klorini, na baridi inaichelewesha. Chemsha. Jiko la gesi ya kopo lenye butani tupu hulegea likikaribia sifuri. Lala na kopo ndani ya begi la kulalia, au tumia jiko la mafuta ya taa ya pampu kama wafanyavyo wapishi wa mlimani.

Uliza mapema kikomo cha kilo za mpagazi, na upime begi kwa mizani Kasese, si langoni. Langoni ndipo watu huanza kutupa mambo ya maana.

Mzee wa Mbale
Elgon nayo ina chake. Ukipanda njia ya Sasa kutoka Budadiri kwenda Wagagai (4,321), ukilala pango la Mude karibu mita 3,500, siku ya kilele unapita bwawa la Jackson. Ni dogo, na asubuhi ukingo wake huwa na barafu nyembamba. Matope ni kidogo kuliko Rwenzori, upepo ni mwingi zaidi. Siku nne zinatosha. Siku ya kwanza ndiyo ngumu: kuna ukuta wa mwamba wenye ngazi, na unaupanda begi likiwa mgongoni, kwa hiyo usifunge vitu vya kuning'inia nje.

Jinja Mtoni
Mabwawa yametajwa mstari mmoja tu, niongeze. Nalubaale lilizinduliwa 1954, Bujagali 2012, Isimba 2019. Kila bwawa jipya lilizamisha maporomoko. Bujagali ilifunika yale yenye jina lake, na Isimba ikapunguza tena mkondo wa wanaoteremka kwa mashua za mpira. Kilichobaki kwa wapenda mawimbi ni upande wa Kalagala na Itanda. Kilichoongezeka ni maji tulivu nyuma ya kuta, na hayo yanamfaa mgeni: kayaki, kusimama juu ya ubao na kasia, kutazama ndege.

Kanuni za bwawa si za ziwa. Moja, usikaribie maboya yaliyofungwa mstari mbele ya ukuta. Maji yanaonekana yamelala, lakini chini yanavutwa kwenye mitambo. Mbili, ukiwa chini ya bwawa, usiweke hema kwenye mchanga au mwamba mkavu wa katikati ya mto. Mitambo ikiongezwa jioni, maji hupanda bila wingu angani. Tazama alama ya unyevu kwenye miamba, na uweke hema juu yake. Tatu, shina za miti iliyozama bado zimesimama chini, usiruke kichwa kwanza mahali usipopajua. Na kichocho: bonde lote la Nile la juu linacho, habari ya mwinuko hapa haimo kabisa.

Walio Kampala wanaotaka mazoezi, zungukeni ziwa la Kabaka pale Mengo, lile lililochimbwa kwa mikono zama za Mwanga. La kutembea, si la kuogea.

Askari Mstaafu
Moja la simu. Mtandao Bunyonyi na Fort Portal upo, Rwenzori baada ya Nyabitaba unakuja na kuondoka. Afande wa UWA ana redio, hiyo ndiyo namba ya dharura. Helikopta msiihesabu. Mgonjwa hubebwa kwa machela, na kutoka Kitandara machela inapanda Freshfield kwanza kabla ya kushuka.

Mgeni_Arua
Tumeamua Fort Portal, siku tatu, Julai. Gambuti tubebe?

Binti Tooro
Hapana. Raba zenye meno chini zinatosha, na koti la mvua. Suruali iwe ndefu, kando ya Nyinabulitwa kuna upupu.

Nesi wa Bwera
Na taulo kila mtu lake.